Sura ya Sita: Kikaratasi Ndani ya Boksi

Mwaka 2001 nilifungua boksi la kompyuta ya mtumba, lile boksi ambalo wengi wetu tunaliita CPU ingawa CPU yenyewe ni kipande kidogo kilichojificha chini ya feni. Upande wa ndani wa mfuniko nikakuta kikaratasi kimebandikwa kwa selotepu. Kwa kalamu ya bluu mtu alikuwa ameandika 300, na chini yake 10. Hapakuwa na jina wala maelezo. Nilidhani ni bei, au hesabu za mtu wa stoo, nikakibandua na kukitupa pamoja na vumbi. Siku mbili baadaye nilikuwa nimeinamia pipa la taka nikikitafuta.

Kompyuta ile ilikuwa na kadi ya mtandao aina ya NE2000. Niseme kweli: ilikuwa nakala ya NE2000, maana kadi halisi, iliyotolewa na kampuni ya Novell ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa imeigwa na viwanda vingi kiasi kwamba fundi angeweza kufanya kazi maisha yake yote asiione ya asili hata moja. Niliweka Linux. Mfumo ukawaka vizuri. Skrini ilionekana, kibodi ikaitika, diski ikasomeka. Kadi ya mtandao tu ndiyo haikuwepo, na ilikuwa mbele ya macho yangu, imechomekwa, waya mweusi unaofanana na wa antena ya televisheni ukining'inia nyuma yake. Nilipopakia kiendeshi chake kwa mkono kikagoma, kikanijibu kwamba ni lazima nikipe thamani ya `io`. Nikageuza kadi huku na huku. Ilikuwa na jina la chipu na vidoti vya risasi, basi. Thamani ya `io` ilikuwa kwenye pipa.

Neno kiendeshi limekubalika katika vitabu, nami nitalitumia. Mtaani utasikia draiva: "draiva haijasoma", "tafuta draiva yake". Ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa fulani, mkalimani anayejua lugha ya kifaa hicho kimoja na lugha ya keneli, ule moyo wa mfumo. Mkalimani huyu ana ujuzi mwingi ajabu. Anajua kadi inavyotuma pakiti, inavyopokea, inavyofufuliwa ikizimia. Ila kuna mambo ambayo hakuzaliwa nayo, na sura hii inahusu namna anavyoambiwa.

Ili uelewe 300 na 10 ni nini, fikiria kadi kama mpangaji katika nyumba kubwa. Anahitaji chumba, yaani anwani ambako kompyuta itamkuta ikitaka kumpa kitu au kuchukua kitu. Anahitaji pia namna ya kupiga hodi, maana pakiti ikiingia kutoka kwenye waya hawezi kukaa nayo akisubiri kukumbukwa. Lazima aikatize kompyuta katika shughuli zake na kusema "nina mzigo". Ile 300 ilikuwa chumba. Tunaiandika 0x300, ile 0x ikionyesha kwamba tunahesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, kwa hiyo kwa hesabu za sokoni ni 768. Ile 10 ilikuwa mlango wa kupigia hodi.

Milango hiyo ilikuwa michache. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na minane. Ya mwaka 1984, iliyoitwa AT, iliunganisha chipu mbili za milango minane minane, na kwa kuwa mlango mmoja ulitumika kuziunganisha, ikabaki 15. Hapo ondoa saa ya ndani, ondoa kibodi, ondoa diski, ondoa kiendesha flopi, ondoa printa, ondoa soketi mbili za modemu na kipanya. Kadi za sauti nazo zilipenda namba 5. Mgeni aliyefika mwisho alibanwa. Na katika sloti za zamani, zile ndefu nyeusi za ISA, wapangaji wawili kwa kawaida hawakuweza kushiriki mlango mmoja: wakipiga hodi, ya mmoja humezwa, na unabaki na kipanya kinachosinzia kila mtandao ukipata kazi. NE2000 ilitoka kiwandani ikiwa imewekwa mlango namba 3, ambao tayari ulikuwa wa soketi ya pili ya modemu. Yaani ilikuja na ugomvi ndani ya boksi.

Ile 0x300 nayo ina kisa chake. IBM walipogawa anwani, waliacha kipande kidogo kuanzia hapo kwa ajili ya kadi za majaribio, kiwanja cha wazi kwa wahandisi. Unajua kiwanja cha wazi kinavyokuwa. Karibu kila mtu aliyetengeneza kadi akajenga hapo.

Fundi ndiye aliyeamua. Kwenye kadi palikuwa na vijiti vidogo vya chuma na vikofia vya plastiki vinavyoitwa jampa; ukihamisha kikofia, unahamisha chumba au mlango. Baadhi ya kadi za baadaye ziliruhusu kubadilisha kwa programu ya DOS iliyokuja kwenye flopi, na flopi hiyo ndiyo kitu cha kwanza kupotea. Kwa vyovyote vile kadi haikumwambia mtu imewekwaje. Aliyejua ni yule aliyeigusa, na akiwa mtu wa busara aliandika kwenye kikaratasi na kukibandika ndani ya mfuniko.

Swali ambalo kila mwanafunzi wangu huuliza: kwa nini kiendeshi kisitafute chenyewe? Anwani si nyingi, kipite moja moja kikiuliza "upo?"

Kilijaribu. Shida ni kwamba ISA haikuwa na daftari la mahudhurio. Hapakuwa na namna ya kuita majina. Kiendeshi kilichotafuta kilikuwa mtu anayepapasa gizani katika chumba kilichojaa vyombo vya udongo, na katika baadhi ya vifaa kugusa tu ni kubadilisha. Ndani ya NE2000 kuna anwani 32 zinazofuatana, na ukisoma iliyo karibu na mwisho, kusoma tu bila kuandika chochote, kadi inajizima na kuanza upya. Sasa fikiria kiendeshi cha kifaa kingine kinachopita hapo kikitafuta ndugu yake. Na kinyume chake: kiendeshi cha NE2000 kikipapasa kwenye anwani za kadi nyingine kingeweza kuigandisha kompyuta nzima, skrini ikabaki na mstari mmoja wa maandishi na mwanga wa diski ukazimika.

Ndiyo maana keneli ya Linux ilikuwa na kigezo kinachoitwa `reserve`. Ulikiandika kwenye mstari wa kuwashia mfumo, ukitaja anwani na idadi, na maana yake ilikuwa moja: msipapase hapa. Napenda kuwakumbusha watu jambo hili, kwa sababu tunadhani mipangilio ni amri za kukiambia kifaa kifanye nini. Hiki kilikuwa katazo. Mwenye nyumba anamwambia mgeni asiingie chumba kile, bila kueleza kuna nini.

Kwa kadi za mtandao palikuwa na mstari wake maalum, `ether=`, ukifuatiwa na mlango, chumba na jina. Kwa kompyuta yangu ungekuwa `ether=10,0x300,eth0`. Ukiweka sifuri mahali pa namba, maana yake "tafuta mwenyewe". Jambo lililowachanganya wengi ni kwamba keneli ilitafuta kadi moja tu, ikiipata inaacha. Aliyekuwa na kadi mbili, tuseme moja ya ofisini na nyingine ya kwenda nje, alilazimika kuandika `ether=0,0,eth1` ili keneli ipate ruhusa ya kuendelea kupapasa. Watu waliona ni uvivu wa waandishi. Ulikuwa uoga, na uoga wenye sababu: kila mpapaso wa ziada ulikuwa nafasi nyingine ya kuvunja chungu.

Viendeshi vingi vya kadi za mtandao vya Linux katika miaka ya 1990 viliandikwa na mtu mmoja, Donald Becker, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Goddard cha NASA. Yeye na Thomas Sterling ndio walioanzisha Beowulf mwaka 1994: kompyuta 16 za kawaida, za chipu ya 486, zilizounganishwa kwa mtandao ili zifanye kazi kama mashine moja kubwa kwa bei ambayo taasisi ingeweza kuilipa. Mradi wa aina hiyo hausimami bila viendeshi imara vya mtandao, na Becker akaviandika, kimoja baada ya kingine, kisha akavitoa kwa kila mtu. Kwa hiyo tabia za mtu mmoja aliyekaa Maryland, majina aliyochagua na mpangilio wa namba alioupenda, vikawa sheria kwa fundi wa Dar es Salaam ambaye hakuwahi kumsikia.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha nakala bovu. NE2000 ya kweli ilikuwa na alama ndani ya kumbukumbu yake ndogo: namba 0x57 iliyoandikwa mara mbili, karibu na anwani ya mtandao ya kadi, ile isiyobadilika. Kiendeshi kiliitazama alama hiyo ili kijue kinaongea na nani. Baadhi ya viwanda vya kuiga viliiga kila kitu vikasahau alama. Kadi ilifanya kazi, lakini kiendeshi kiliikataa kama mgeni asiye na kitambulisho. Ilibidi mtu awe mdhamini. Basi ukaruhusiwa kuandika katika mstari wa `ether=`, kwenye nafasi iliyokusudiwa mwisho wa anwani ya kumbukumbu, namba 0xbad. Ni namba halali kabisa, 2989, kwa sababu katika hesabu ya kumi na sita herufi a, b na d ni tarakimu. Ila anayejua Kiingereza anasoma "mbaya". Kwa maneno mengine ulikuwa unakiambia kiendeshi: najua kadi hii si nzuri, nimeinunua hivyo hivyo, ikubali. Sijui kigezo kingine kinachoeleza maisha ya fundi wetu kwa herufi tatu tu.

Nilipokipata kikaratasi changu, kimeloa maji ya chai, niliandika mistari miwili katika faili la mipangilio ya moduli: wa kwanza ukisema kwamba `eth0` ni kazi ya moduli `ne`, wa pili ukisema `options ne io=0x300 irq=10`. Waya ukapata uhai. Kadi yangu, kwa bahati, ilikuwa na alama yake ya 0x57.

Mstari huo wa `options` ndio njia iliyoshinda. Kiendeshi kilichojengwa ndani ya keneli kilipokea maagizo yake kwenye mstari wa kuwashia. Kilichowekwa nje kama moduli kiliyapokea wakati wa kupakiwa. Tangu keneli ya 2.6, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2003, njia hizo mbili zilikutana, ukaweza kuandika `ne.io=0x300` kwenye mstari wa kuwashia na kigezo kikafika kwa mwenyewe. Na ukitaka kujua kiendeshi kimeelewa nini, vigezo vingi vinasomeka kama mafaili ya kawaida chini ya `/sys/module`. Hilo la mwisho lilikuwa msaada mkubwa. Kabla yake uliandika, ukaomba Mungu.

PCI ndiyo iliyokuja kuufuta ulimwengu wote huu. Kiwango hicho kilitolewa na Intel mwaka 1992, na kilileta kile ISA ilichokosa: mahudhurio. Kila kifaa kina baiti 256 za kujieleza, zikianza na namba ya aliyekitengeneza na namba ya aina yake. (Intel walijichagulia 8086, jina la chipu yao maarufu, nao wana utani wao.) Mashine inapowaka inaita sloti moja moja, kifaa kinaitika kwa jina, kinataja kinahitaji nafasi kiasi gani, nacho kinapangiwa chumba na mlango. Hodi nazo zikaweza kushirikiwa. Hakuna jampa, hakuna kikaratasi. Kwa muda nilidhani somo la kupeleka vigezo kwa viendeshi litabaki historia, kama kuanzisha gari kwa hendeli.

Nilikosea, na nilijua nimekosea siku nilipoitwa katika ofisi moja ambayo mtandao wake ulikuwa "mzima lakini mgonjwa". Ukipima kwa ping, majibu yanarudi yote. Ukifungua ukurasa mwepesi, unafunguka. Ukinakili faili kubwa kutoka kwenye seva, unaweza kwenda kuswali na kurudi. Walikuwa wamebadilisha waya, wamebadilisha swichi, wamemlaumu mtoa huduma ya intaneti ambaye hakuhusika hata kidogo. Nikaangalia seva. Fundi aliyenitangulia, mtu makini, alikuwa amekipa kiendeshi kigezo kinachosema: megabiti 100, njia mbili, usijadili na mtu.

Njia mbili maana yake kuongea na kusikiliza kwa wakati mmoja, kama simu. Njia moja ni kama redio ya upepo ya askari: mmoja akiongea mwingine ananyamaza, na wakiongea wote kwa pamoja ni mgongano, kila mtu anasimama na kuanza tena. Kadi na swichi, zikiunganishwa, hujadiliana zenyewe na kuchagua lililo bora kwa wote wawili. Makubaliano hayo yamo katika kiwango cha mwaka 1995 kilicholeta Ethernet ya megabiti 100. Lakini upande mmoja ukikataa kujadili, upande wa pili unaweza kutambua kasi kwa kusikiliza mawimbi, hauwezi kutambua kama mwenzake anatumia njia moja au mbili. Kiwango kinasema: katika hali hiyo chukulia njia moja. Kwa hiyo seva ilikuwa inaongea kama mtu aliye kwenye simu, na swichi ilikuwa inasikiliza kama askari mwenye redio. Kila mzigo ulipokuwa mkubwa, wote wawili wakiwa na la kusema, swichi ilidhani wamegongana na kuitupa pakiti. Ping ni neno moja, haligongani na chochote. Faili kubwa ni mahubiri.

Nilifuta mstari mmoja. Ofisi ikapona. Yule fundi hakuwa mjinga. Miaka michache nyuma yake palikuwa na kadi na swichi zilizokuwa zikishindwa kujadiliana, na kulazimisha kasi lilikuwa somo lililofundishwa darasani. Tatizo ni kwamba alilazimisha upande mmoja tu, na jambo hilo lazima lilazimishwe pande zote mbili au lisiguswe. Kwa gigabiti moja kwenye waya wa shaba, kiwango cha mwaka 1999 kilimaliza ubishi kwa kufanya majadiliano kuwa lazima.

Hapo ndipo nilipoanza kuvitazama vigezo kwa jicho jingine. Kigezo ni ungamo la kiendeshi. Mahali popote kinapopokea namba kutoka kwa mtu, kinakiri kuwa hapo maarifa yake yanaishia. Zamani hakikujua kadi iko wapi. Ikaja PCI, kikajua. Hakikujua nani yuko upande wa pili wa waya. Yakaja majadiliano, kikajua. Na kila kinapojua, namba ya zamani iliyobaki kwenye faili haibaki bila madhara. Inageuka amri ya kukifanya kipuuze kinachokiona.

Watunzaji wa sehemu ya mtandao katika Linux waliliona hilo mapema, na msimamo wao ni mkali: ukiwapelekea kiendeshi kipya chenye vigezo vyake vya moduli, utaambiwa uviondoe. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilidhani ni ubabe. Lakini hesabu tabu zake. Kigezo cha moduli ni cha kiendeshi, si cha kadi. Ukiwa na kadi mbili za aina moja unalazimika kuandika `irq=10,11` na kutumaini kwamba ya kwanza kwako ndiyo ya kwanza kwa mashine; ukihamisha kadi sloti, zimebadilishana. Kila mwandishi alichagua jina lake: mmoja `full_duplex`, mwingine `options` yenye namba za siri zinazohitaji jedwali, wa tatu `media`. Fundi aliyebadilisha kadi alianza kujifunza upya. Na kigezo hicho kwa kawaida husomwa mara moja tu, kiendeshi kinapopakiwa. Ukitaka kubadilisha seva inayofanya kazi, uishushe kwanza.

Dawa yao ni chombo kinachoitwa ethtool, ambacho toleo lake la kwanza liliandikwa na David Miller mwaka 1998, mtu huyohuyo aliyekuja kuwa mtunzaji mkuu wa mtandao katika Linux kwa miaka mingi. Badala ya kumtafuta mkalimani kwa jina, unaitaja kadi yenyewe, na maneno ni yaleyale kwa kadi ya kampuni yoyote: kasi, njia, majadiliano. Inabadilika papo hapo. Windows nao walifika palepale kwa njia nyingine. Mipangilio ya kadi hukaa katika ile hazina yao ya rejista, na kuanzia kizazi cha Vista majina ya mipangilio ya pamoja huanza na alama ya nyota, ili ijulikane kuwa `*SpeedDuplex` ni ya wote na si utundu wa kiwanda kimoja.

Hata hivyo kuna jambo ambalo hakuna kiwango kitakachoweza kulijua, nalo ni nia yako. Waya wa gigabiti moja unaweza kubeba karibu pakiti ndogo 1,488,000 kwa sekunde. Kadi ikipiga hodi kwa kila moja, kompyuta haitafanya kazi nyingine zaidi ya kufungua mlango. Kwa hiyo hodi hukusanywa: ngoja kidogo, leta mizigo kadhaa kwa pamoja. Kiendeshi cha Intel cha e1000 kina kigezo cha jambo hili, na kikiachwa peke yake hutazama mwendo wa mizigo na kuchagua kati ya hodi 4,000 na 20,000 kwa sekunde. Kwa wengi inatosha. Ila anayehamisha mafaili makubwa usiku kucha anataka hodi chache, na anayesubiri jibu la haraka la kila pakiti hataki kungojeshwa hata kidogo. Kadi ni ileile, waya uleule. Hapo namba itoke kwa binadamu, na sioni aibu yoyote.

Mengine hutoka kwa binadamu kwa sababu ya kiwanda. Kuna chipu ya Wi-Fi ya Realtek, RTL8723BE, iliyowekwa katika laptop nyingi za bei nafuu, nyingi zikiwa zimefika madukani kwetu. Chipu ina sehemu mbili za kuunganishia antena. Baadhi ya watengenezaji wa laptop, kwa kubana matumizi, waliweka antena moja, na kumbukumbu ndogo ya kadi ilipaswa kusema imewekwa wapi. Katika laptop kadhaa ilisema uongo. Kiendeshi kikaamini, kikasikiliza kwenye soketi tupu, na mwenye laptop akawa anapata mtandao akiikumbatia ruta tu. Mwaka 2016 Larry Finger, aliyetunza viendeshi vya Realtek kwa kujitolea, aliongeza kigezo `ant_sel`: andika 1 au 2, jaribu, ona ipi inasikia. Ni kigezo cha moduli, aina ileile isiyotakiwa, na kiliingia kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuuliza. Nimeandika `options rtl8723be ant_sel=1` kwenye laptop za wanafunzi wengi, na nyuso zao zikibadilika najiona mganga. Finger alifariki mwaka 2024.

Ukija kuandika mstari wa namna hiyo, weka katika faili lililo chini ya `/etc/modprobe.d`, na ujue mitego miwili. Herufi ikikosewa katika jina la kigezo, keneli za sasa hazigomi. Huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kigezo hakijulikani na kimepuuzwa, kisha huendelea kama hakuna kilichotokea. Na kiendeshi kikipakiwa mapema sana, kutoka kwenye ule mfumo mdogo wa kuanzia, hakitaliona faili lako mpaka uujenge upya mfumo huo mdogo. Nimepoteza jioni nzima kwa kila mmoja wa mitego hii, na wa pili nimeuangukia zaidi ya mara moja.

Jambo la mwisho ni ombi. Juu ya mstari huo weka alama ya reli, kisha andika kwa Kiswahili cha kawaida umeuweka lini, kwa kadi ipi, na ulikuwa unaponya nini. Atakayefungua boksi hilo baada yako hatajua kwamba 10 si bei.